Sikio Ambalo Hakuna Aliyeliulizia

Kabla sijaendelea, nikanushe kwanza. Mume wangu hajarudi. Nyinyi mnaoniandikia kwamba mmemwona akiniulizia, huyo ni mume wa mtu mwingine. Gazeti lililonipunguza kazini, si hili, lile nililokuwa nikisahihisha makosa yake, halijaniita tena. Na sijahama kwa mdogo wangu. Bado nalala chumba cha nyuma, katikati ya maboksi ya viatu vyake vya jukwaani.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: mdogo wangu, tumbo moja, ni mwimbaji. Jukwaani anaitwa Chiriku. Aliponipokea na mikoba yangu miwili alinipa na kazi ya kuwa msemaji wake. Kazi yenyewe ni kukanusha. Akisemwa amekufa, nasema si kweli. Akisemwa ameolewa, si kweli. Mtaani wameshaniita Bi Si Kweli, na mimi naitika.

Jumapili iliyopita niliwaacha bafuni, katika habari ambayo sasa si siri tena. Chiriku alinivuta mle ndani, akafungulia bomba ili maji yapige kelele, akaniambia alichoambiwa na daktari. Sikio lake la kulia limekufa, halisikii kitu. La kushoto limeanza kuchoka. Akisimama tena mbele ya spika kubwa, hata kwa wimbo mmoja, la kushoto nalo linaweza kwenda, na likienda halirudi.

Kwa hiyo akafuta ziara. Kwa meneja wake alisema amechoka tu. Ukweli tukabaki nao wawili.

"Hata Mama asijue," alisema. "Nataka wimbo huu mmoja niumalize ningali nausikia. Basi. Baada ya hapo waseme watakavyo."

Mliniuliza nilijisikiaje. Sikujisikia chochote. Baada ya yote yaliyonipata, moyo wangu umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa vibaya. Naukanyagia hivyo hivyo natembea.

Sasa sikilizeni nilichofanya.

Ziara ilipofutwa, midomo ilifunguka. Wa kwanza walisema ana mimba. Wa pili wakasema mimba ni ya Meneja. Wa tatu wakasema haiwezi kuwa ya Meneja, kwa sababu Meneja na yeye wamegombana hawasalimiani. Wa nne wakasema wimbo mpya uliotangazwa hautoki tena, kwa kuwa hakuna wimbo, tangu mwanzo ilikuwa danganya toto.

Meneja ni mtu wa simu mbili na manukato mengi. Alinipigia kwa zote mbili.

"Kesho asubuhi nenda redioni ukauue huu uvumi," alisema. "Kile kipindi cha asubuhi kila mtu anakisikiliza. Mimba hakuna, ugomvi hakuna, wimbo upo. Sema hayo matatu, urudi nyumbani."

Matatu tu. Mtoto wa chekechea angeyaweza.

Jioni ile Chiriku alinifanyisha mazoezi jikoni. Mimi nilikuwa nakata vitunguu. Yeye alikaa juu ya meza, sikio la kushoto kalielekeza kwangu, mkononi ameshika mwiko kama kipaza sauti.

"Dada msemaji, ni kweli Chiriku ana mimba?"

"Si kweli. Hana mimba wala hajawahi kuwa nayo."

"Punguza. Hujaulizwa historia."

"Si kweli. Hana mimba."

"Ni kweli amegombana na meneja wake?"

"Si kweli. Wanaongea kila siku, mpaka wanachoshana."

"Hiyo nzuri. Iache. Ni kweli wimbo mpya hautoki?"

"Si kweli. Wimbo upo na utatoka."

"Ni kweli sikio lake la kulia halisikii?"

Nikaweka kisu chini. "Hiyo hawataiuliza. Hawaijui."

"Ndiyo maana unajizoeza. Siku wakiijua hutapata muda wa kutafuta uso wa kuwaangalia nao. Jibu."

"Si kweli. Masikio ya Chiriku ni mazima, yote mawili."

"Tena. Tangu mwanzo."

Tulirudia mpaka vitunguu vikaungua. Mimba, meneja, wimbo, sikio. Mimba, meneja, wimbo, sikio. Niliyakariri kama tulivyokariri jedwali la kuzidisha shuleni, kwamba ukianza mbili mara moja mdomo unajipeleka wenyewe hadi mwisho hata kama akili imelala.

Asubuhi nikaenda.

Studio ile ni chumba kidogo kilichobandikwa sponji ukutani, na taa nyekundu juu ya mlango. Mtangazaji ni mcheshi, mnene, ana kikombe chenye picha yake mwenyewe. Alinikaribisha vizuri. Akanivalisha spika za masikioni. Taa ikawaka.

"Msemaji wa Chiriku tunaye hapa. Dada, watu wananiuliza, mimba ni ya nani?"

"Mimba hakuna. Si kweli."

"Na huo ugomvi na meneja?"

"Si kweli. Wanaongea kila siku, mpaka wanachoshana."

Akacheka. Na mimi nikajisikia kama mtu anayejua kazi yake.

"Na huu wimbo? Upo, au tumengoja hewa?"

"Upo na utatoka."

"Basi, msikilizaji, umesikia mwenyewe, asiambiwe mtu tena," akasema, na akanyoosha mkono kubonyeza muziki.

Angebonyeza tu, leo ningekuwa nawaandikia habari za mume wangu.

"Na masikio ya Chiriku ni mazima," nikasema, "yote mawili."

Mkono wake ukabaki hewani.

"Masikio?"

"Ndiyo."

"Nani kauliza masikio?"

"Watu."

"Watu gani, dada? Hapa nina jumbe za mimba hata sijui niziweke wapi. Ya sikio sina hata moja."

"Nimekanusha mapema tu. Ili lisije kusemwa."

Akauondoa mkono kwenye kitufe polepole. "Sikio lipi hilo lisije kusemwa? La kulia au la kushoto?"

"La kulia ni zima."

"Sikuuliza kama ni zima," mtangazaji akasema, kwa upole kabisa.

Ulimi hauna mfupa, wanasema. Wangu siku ile haukuwa hata na mwenyewe.

Nilipofika getini, mlinzi aliyeniandikisha wakati naingia alipokea kitambulisho cha wageni, akanitazama kwa huruma. "Pole na mgonjwa," akasema. "Sikio ni kitu kibaya. Mimi jino lilinitesa, lakini sikio ni zaidi."

Nikamwambia mgonjwa hakuna. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa kinyume chake.

Nilitembea hadi nyumbani nikisoma simu. Kufikia kona ya kwanza sikio lilikuwa linauma tu. Kufikia kituo cha mafuta lilikuwa limekatwa. Mbele ya saluni anakosukwa Chiriku nilisimama, na mle ndani mama mmoja mwenye povu kichwani alikuwa anawaeleza wenzake kwamba mke wa Meneja ndiye aliyeling'ata, na ziara imefutwa kwa kuwa wanasubiri lipone. Mtu mwingine ameandika mtandaoni, sikio la kufa halisikii dawa, na mia kadhaa wamecheka chini yake.

Mama akapiga.

"Mwenzako ana nini sikioni?"

"Hana kitu, Mama. Ni maneno ya watu."

"Maneno ya watu gani? Nimekusikia wewe."

"Nilikuwa nakanusha, Mama."

"Lisemwalo lipo, mwanangu. Na wewe ndiye uliyelisema."

"Hana kitu. Wala haumwi."

"Haya," akasema. Mama akisema haya kwa namna ile, ujue hajakubali.

Nyumbani nikamkuta Meneja ameshafika, amekaa ukingoni mwa kochi, simu zote mbili zimezimwa. Sikuwahi kuziona zimezimwa. Chiriku alikuwa amejikunja kochi la pili na taulo kichwani, ndio ametoka kuoga. Nilipokaa pembeni yake hakunitazama.

"Nieleze hilo sikio," Meneja aliniambia.

Kabla sijafungua mdomo, Chiriku akajibu. "Hamna sikio. Dada kachanganya maneno."

Meneja akamgeukia, na hapo akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Akaongea taratibu, kama baba. "Chiriku, kama kuna ugonjwa, sema. Sitakulazimisha. Tutatangaza kwa heshima, watu watakuombea dua, mambo yataisha. Nimesimamia waimbaji kabla yako, najua mwili ni mwili."

Mlango ulikuwa wazi namna hiyo. Nilimwangalia mdogo wangu nikimsukuma kwa macho apite.

"Mimi mzima," alisema.

"Mzima kweli?"

"Si umesikia redioni? Yote mawili."

Meneja akashusha pumzi, akawasha simu moja. "Basi kesho tuwaonyeshe. Ukumbi nitapata, bendi ipo, waandishi nawaita sasa hivi. Uimbe wimbo mmoja, mitambo ifunguliwe yote, halafu waulize maswali yao. Wakitoka hapo, uvumi umezikwa."

"Meneja, hebu subiri," nilisema.

Chiriku akashusha mguu, akaukanyaga wangu chini ya meza. Akanikanyaga hadi Meneja alipotoka.

Tulipobaki wawili nilingoja anitukane. Ningeshukuru.

"Mtu mmoja tu nilimwambia," alisema. Hakupandisha sauti.

"Nisamehe."

"Ulisema nilichokufundisha. Lawama tugawane."

"Mwambie ukweli. Si umemsikia, ataelewa."

"Yeye ataelewa. Na wengine? Wimbo ukitoka, nani atausikiliza? Watakaa kusikiliza kiziwi anaimbaje. Wataniambia nimejitahidi. Sitaki kuambiwa nimejitahidi, dada. Nataka wausikie wimbo wangu kama walivyosikia zile nyingine zote, wakiukataa waukatae kwa ubaya wake."

"Na la kushoto?"

"Wimbo mmoja."

"Daktari alisema hata mmoja."

"Alisema linaweza kwenda. Hakusema litakwenda."

Hapo nilitakiwa kupiga kelele. Nilitakiwa kumpigia Mama, kumpigia daktari, kumfungia mlango na kukaa juu ya ufunguo. Mimi ndiye mkubwa. Badala yake nilimuuliza kesho atavaa nini.

"Ile nyeupe," alisema.

Nikaenda kuipiga pasi.

Ukumbi ulikuwa wa shule ya ufundi, viti vya plastiki, nyaya zimebandikwa sakafuni kwa utepe mweusi. Spika zilikuwa mbili, kila moja inanipita kimo. Nilimkuta fundi mitambo amechuchumaa nyuma ya moja, nikachuchumaa pembeni yake.

"Kaka yangu, nakuomba kitu. Punguza sauti."

"Kiasi gani?"

"Kiasi unachoweza."

"Meneja kasema nifungue yote."

"Najua alichosema."

Akanitazama kwa makini. Alikuwa mtu mzima, ana mvi kidogo, na naamini alikuwa ameshaelewa. "Dada, nikipunguza atakuja kuongeza mwenyewe, tena atafungua kupita mimi. Mpe pamba."

Pamba nilikuwa nayo. Nilimpa Chiriku nyuma ya pazia. Akaiviringisha vidoleni, akanirudishia.

"Wakiiona watasema nini?" aliniuliza. Halafu akanipangia kazi: "Kwenye maswali simama kushoto kwangu, karibu. Swali likitoka mbali au upande wa kulia, lirudie, kama vile unawasaidia wa nyuma. Nitakusikia wewe."

"Sawa."

"Usichanganye leo."

"Sichanganyi."

Waandishi walijaa. Mtangazaji wa asubuhi alikaa mstari wa mbele, kulia, na wala hakuona haya kunipungia mkono.

Kisha bendi ikaanza, na sakafu ikatetemeka hadi magotini kwangu. Chiriku aliimba. Mimi niliyesimama pembeni ya spika nilitaka kukimbia; yeye alisimama katikati ya zote mbili akiwa ametulia, nguo nyeupe, macho amefumba. Watu waliinua simu. Ubeti wa mwisho aliuanza kabla ya bendi, nusu hatua hivi, na mpiga ngoma akaharakisha kumfuata. Nilidhani ni wasiwasi. Ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi.

Nikapanda jukwaani, nikasimama kushoto kwake.

Swali la kwanza lilitoka nyuma, kulia. Nikalirudia kwa sauti: "Anauliza mimba."

"Mimba ingekuwepo, kwa kelele hizi ingeshatoka kuja kulalamika," Chiriku akajibu. Wakacheka.

Swali la pili nililirudia, akanigeukia nilirudie tena. Nikalirudia, taratibu zaidi, uso wangu ukiwa karibu na wake. Akajibu vizuri, kwamba wimbo mpya uko kwenye hatua za mwisho na hautachelewa.

"Mbona dada anarudiarudia maswali?" akauliza mtangazaji.

Nikalirudia na hilo. Chiriku akalingoja liishe, akitazama mdomo wangu, kisha akatabasamu. "Ndiye msemaji. Jana karibu nimfukuze, leo anaonyesha bidii."

Kicheko kile kiliumaliza uvumi. Niliuona ukifa. Mtangazaji mwenyewe alicheka mpaka akafuta macho, na waandishi wakaanza kuandika kwenye simu zao: si kweli, msanii mzima, masikio yote mawili. Kwa mara ya kwanza tangu niipate kazi ile, watu walikuwa wamenisadiki. Nilitakiwa kufurahi, na nilijaribu.

Ndipo Meneja akapanda. Alikuwa anameremeta. Akajipenyeza kati yetu, akanisogeza kwa bega bila nia mbaya, akamshika Chiriku mkono.

"Ndugu waandishi," alisema, "mmemwona. Mmemsikia. Sasa mimi sina sababu ya kuificha habari njema. Ziara imerudi. Ile ile, miji yote, jukwaa moja baada ya jingine, na tunaanza mwisho wa wiki hii." Akamwegemea. "Au sivyo, Chiriku?"

Niliona bega la mdogo wangu. Nilingoja ligutuke. Nilingoja amgeukie Meneja na kumwambia hapana, tulikubaliana wimbo mmoja, maana hilo angelisema mbele ya yeyote.

Watu wakapiga makofi. Chiriku akayaona makofi, akatabasamu, akatikisa kichwa kukubali.

"Mmeona wenyewe," Meneja akasema.

Hapo mdogo wangu akachungulia nyuma ya bega la Meneja, akanitafuta.

"Dada, kasema nini?"

Aliuliza kwa sauti kubwa mno, sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara, huku mimi nipo hatua mbili kutoka kwake. Ukumbi ukaangua kicheko. Meneja naye akacheka, akampigapiga mgongoni, akidhani ni mzaha mwingine juu ya msemaji wake. Hata mimi nilianza kucheka, na nikafungua mdomo nirudie, kwa kuwa kurudia ndiyo ilikuwa kazi yangu mchana ule.

Kisha nikaona Meneja amesimama wapi. Alikuwa upande wa kushoto. Mdomo wake, muda wote alipokuwa anaongea, ulikuwa shubiri moja tu kutoka kwenye sikio zima.

Nikaogopa.

"Dada?" Chiriku akauliza tena. Hakuwa ananitazama machoni. Alikuwa anaitazama midomo yangu, akingoja itikisike.